Ngumi Ndogo Ndogo

Katika Kindu nzima hutampata mtu anayeweza kusema kwamba aliwahi kupigwa ngumi tatu na Onema Ferdinand. Wengi walipigwa moja. Kama ilikuwapo ya pili, walisimuliwa na wenzao baada ya kumwagiwa maji. Kisangani alimlaza bingwa wao wa uzito wa juu katika dakika ya kwanza, watu wa nyuma wakiwa bado wanatafuta pa kukaa, na wengine wakaanza kudai warudishiwe viingilio vyao. Lubumbashi alikwenda kwa treni, siku tisa njiani, akapigana dakika nne, akarudi kwa siku kumi na moja. Walimwita Travesi, kwa sababu kabla ya ngumi alikuwa mpakiaji wa stesheni, na yale mataruma ya chuma ya reli, ambayo wenzake waliyabeba wawili wawili, yeye aliyatia begani peke yake.

Mtu mmoja tu alipigwa na Onema ngumi nyingi. Na huyo ndiye aliyekuwa anakuja Jumamosi hiyo, saa nne za asubuhi, kumposea mwanawe binti wa Onema. Nyumbani hakuna aliyelijua jambo hilo isipokuwa Onema mwenyewe, naye alikuwa amelikalia kwa wiki tatu kama mtu aliyekalia kaa la moto mbele ya wageni.

Mkewe, Pélagie, aliamka na vita vyake. Viti vya plastiki aliviazima kanisani, jina la kanisa limeandikwa mgongoni kwa rangi nyekundu ili kila mgeni ajue kwamba nyumba hii haina viti. Sahani aliazima kwa jirani, naye jirani alizihesabu mbele yake, moja moja, kama mtu anayemhesabia mwizi.

"Ni kumi na mbili, mama Bénie. Zirudi kumi na mbili. Si kumi na moja na samahani."

Pélagie alicheka, maana aliyeazima hana mdomo. Aliporudi alimkuta mumewe ameketi kitandani katika shati jeupe, akipigana na kifungo cha juu. Mikono ya Onema ilikuwa inatetemeka kwa miaka sita sasa. Wa kulia ulianza, wa kushoto ukaufuata kama mdogo anavyomfuata mkubwa. Siku hizi alikuwa bawabu wa duka moja karibu na soko. Mwenye duka alimweka pale kwa jina lake tu, na wateja walipoleta watoto wao aliwaambia, "Travesi, waonyeshe ngumi," naye aliwaonyesha, na watoto walicheka kwa kuona inavyocheza.

"Leta hapa," Pélagie alisema, akamfunga. "Kifungo kidogo hivi njo kinakushinda?"

"Mama Bénie."

"Eeh."

"Ule papa ya Alain. Jina yake walisema nani?"

"Musafiri. Si walisema siku ya kwanza? Muzee kipofu wa Kampene. Mbona unauliza kila siku?"

"Wakina Musafiri ni wengi kule Kampene."

"Ni wengi. Sisi tunataka mumoja tu." Alimkung'uta vumbi begani, kisha mkono wake ukabaki palepale. "Onema, sikiliza. Miye nilitoka kwetu kwa mulango ya nyuma, sababu weye haukuwa na mali. Mama yangu hakuimba. Nilibeba kikapu yangu miye mwenyewe. Sikukulaumu hata siku moja. Lakini Bénie atatoka kwa mulango ya mbele, na mali yake, na nyimbo. Leo usiniharibie."

Onema alifungua mdomo. Wiki tatu alikuwa ameufungua hivyo hivyo, kila asubuhi, na kila asubuhi ulijifunga bila neno. Siku ile kijana Alain, mwalimu mwenzake Bénie katika shule ya msingi, alipokuja kujitambulisha, alisema kwa adabu, mikono magotini, "Papa yangu hakuzaliwa kipofu. Vita njo ilimuchukua macho, wakati Kindu ilizungukwa. Askari walimukamata njiani." Bénie alikuwa akimmiminia chai. Onema aliitazama ile chai mpaka ikapoa.

"Sitaharibu," alisema.

* * *

Wageni walivuka mto kutoka Alunguli kwa mtumbwi, na mbuzi akiwa amefungwa miguu. Walikuwa sita. Mbele alikuja Soudi, msemaji wao, mtu mfupi mwenye kofia iliyofumwa na sauti ya kuuza ng'ombe. Nyuma vijana wawili walisukuma baiskeli iliyolemewa na gunia la chumvi. Katikati alikuja Alain katika suti, na begani mwake umekaa mkono wa baba yake.

Mzee Musafiri alikuwa mrefu, mkavu, amevaa miwani nyeusi. Alipofika kizingitini aliivua ajifute jasho, na Onema akaiona ile nyusi ya kushoto, iliyopasuka na kujishona vibaya bila daktari. Hakuhitaji kuona zaidi. Akashika mgongo wa kiti cha kanisa.

"Mukwe yuko wapi?" Musafiri aliuliza, akanyoosha mkono hewani.

Onema akautoa wake. Ngumi zake siku ile ya vita zilikuwa ndani ya glovu. Mkono mtupu haukumwambia kipofu kitu.

"Unatetemeka, mukwe. Ni homa?"

"Ni uzee."

"Haya. Uzee unakuya kwa kila muntu na njia yake." Musafiri alitabasamu, na tabasamu lake lilikuwa jema, hilo ndilo lililomuumiza Onema kuliko kelele zozote ambazo angepigiwa. "Mutoto wenu anatusemesha vizuri. Amenisomea barua yangu yote ya hospitali, neno kwa neno, bila kuchoka. Nilimuambia Alain, huyu usimuache."

Walikaa. Wanawake wa upande wa Pélagie walikuwa uani wamevaa vitenge vya namna moja, koo tayari. Bénie alikuwa chumbani, kama inavyotakiwa, anasubiri aitwe. Gédéon, mdogo wake Onema na msemaji wa nyumba, alisimama akakohoa. Kulikuwa na swali moja la kuulizwa kabla mali ya mahari haijaguswa, na wazee hawalikubali lirukwe hata kama watu wana njaa.

"Wazee wa Kampene," alisema Gédéon, "tunataka kukula sahani moja. Lakini mbele ya sahani kuna neno. Kati ya nyumba yenu na yetu, kuna damu?"

Swali hili si la kuvunja ndoa. Likijibiwa ndiyo, jambo husemwa hadharani, kuku mweupe huchinjwa, baba wawili hunawishwa mikono katika beseni moja, na shughuli huendelea. Wako wajukuu wengi mjini Kindu waliozaliwa baada ya kuku wa namna hiyo. Kinachoogopwa ni kula pamoja juu ya damu iliyofichwa, kwa maana hapo, wasemavyo, kila tonge humtafuta mtoto ambaye bado hajazaliwa. Kila baba hujibu kwa mdomo wake.

"Kwangu hakuna," alisema Musafiri bila kufikiri. "Nyumba hii siijui kwa ubaya."

Kisha wote wakamgeukia Onema.

* * *

Ulikuwa mwaka elfu mbili na mbili. Mji ulizungukwa na mayi-mayi, wapiganaji wa msituni waliooga maji ya dawa ili risasi isiwaingie, na ndani yake walikuwamo askari walioushika. Aliyetoka kwenda shambani alipigwa risasi na hawa au na wale. Watu walikula mizizi ya migomba. Bénie alikuwa na miezi minane, na shingo yake ilikuwa imekoma kukibeba kichwa. Matiti ya Pélagie yalikauka. Vita vilikuwa vimeshamnyang'anya Onema safari ya kwenda kupigana Kinshasa, tiketi ikiwa mfukoni, lakini hayo hakuyafikiria tena. Aliwaza maziwa usiku na mchana.

Ndipo komanda wa askari hao alipomwita kwenye hangari ya stesheni. Juu ya meza palikuwa na kopo la maziwa ya unga, kubwa, halijafunguliwa, na chini yake nusu gunia la unga wa muhogo.

"Nimekamata muntu wao njiani ya Kampene," komanda alisema. "Anasema yeye ni muchimbaji tu. Nataka watu waone kama maji yao ya dawa inazuia ngumi. Raundi tatu. Nataka tatu nzima, umesikia? Ukimulaza mbele ya tatu, hii kopo naikunywa miye. Na piga sura."

Watu waliletwa kwa nguvu watazame. Walitazama kimya, hakuna hata mmoja aliyeita jina la Travesi. Okito, fundi wa treni aliyemfundisha Onema ngumi kwenye gunia la makapi ya mpunga, alimfunga glovu huku midomo yake haichezi. "Mulaze," alisema. "Moja tu, kidevuni. Atalala, ataamuka, ataamuka na macho yake."

Okito ndiye aliyemfundisha pia kuachia pumzi kwa kila ngumi, kwa meno, hsss, kama maji yanapomwagikia chuma cha moto. Miaka yote Onema hakuweza kupiga wala kuinua kitu bila pumzi hiyo. Watoto wa mtaa waliiigiza.

Yule mchimbaji hakujua ngumi hata kidogo. Alisimama kama mtu anayezuia mbuzi asiingie shambani. Na Onema, ambaye maishani mwake hakujua kupiga kidogo, siku ile alijifunza. Alipiga ndogo ndogo, usoni, za kumweka mtu wima. Hsss. Hsss. Katika raundi ya pili yule mtu alimkumbatia asianguke, damu yake ikiwa mdomoni, akamwambia sikioni: "Ndugu, nilalishe."

Onema alisikia vizuri. Aliitazama meza. Akamsukuma, akaendelea.

Raundi ya tatu ilipokwisha macho ya yule mtu yalikuwa yamevimba na kufumba. Hayakufumbuka tena. Kopo lilifika nyumbani, na Bénie akanywa, akalala, akaamka akalia kwa sauti, na Pélagie akapiga magoti kumshukuru Mungu. Hakuuliza maziwa yamepatikanaje, wala watu wa mtaa hawakumwambia. Walikuwa na maiti wao wa kuwazungumzia. Okito hakumsemesha Onema tena mpaka alipokufa.

* * *

"Hakuna," alisema Onema.

Vigelegele vikapasuka uani. Sahani ikaletwa, wali na kuku, baba wawili wakaketi uso kwa uso. Vidole vya Musafiri vilitembea taratibu juu ya nyama, vikapapasa, vikaipata firigisi. Firigisi ni ya mwenye nyumba, na asiyepewa amedharauliwa. Musafiri aliitafuta mikono ya Onema, akamwekea kiganjani.

"Yako hii, mukwe. Usinifiche ukisema umeshiba."

Onema aliitafuna. Nitasema nini? Aliitafuna muda mrefu kuliko raundi yoyote aliyowahi kupigana, na ilipopita kooni alijisikia mwongo mpaka kwenye utumbo.

"Sasa chumvi ya mama!" Soudi alipaza sauti. "Muzee wa nyumba aingize yeye mwenyewe. Ikipita mulango, tumepokelewa."

Gédéon aliona mikono ya kaka yake, akainuka amsaidie, lakini wageni na wenyeji wakaanza kushangilia kwa mzaha: "Travesi! Travesi!" Pélagie alikuwa mlangoni anacheka, machozi yanamtoka, amependeza kuliko alivyopendeza tangu ujana wake. Onema akainuka. Akainama juu ya gunia, akalikumbatia, akalinyanyua.

Hsss.

Mkono wa Musafiri ukasimama juu ya wali.

"Nani amebeba?"

"Mukwe wako mwenyewe, muzee," Soudi alijibu. "Ana nguvu bado."

"Aishushe. Abebe tena."

Watu wakacheka. Walidhani ni utani wa wakwe, maana baba wa mwana wa kiume ana ruhusa ya kumchosha baba wa binti. "Beba tena! Beba tena!" Onema akalishusha gunia. Alimtazama mkewe, akamtazama Gédéon, hakukuwa na mahali pa kuchomokea. Akainama, akauma meno, akakusudia kuizuia. Lakini pumzi ya miaka thelathini haiulizi mtu. Gunia lilipoacha ardhi, ilitoka.

Musafiri akatoa mkono sahanini. Alifuta vidole kimoja kimoja kwenye suruali yake mpya.

"Kwenye mashimo ya Kampene nimechimba na watu wengi," alisema, si kwa sauti kubwa. "Kila muntu na pumzi yake. Kwa giza unajua nani iko karibu yako. Hii miye niliisikia siku moja tu. Raundi tatu." Aligeuza uso kuelekea alipo Onema. "Niliuliza jina yako. Hawakunipa, waliniambia tu ulikufa."

Gunia lilianguka kizingitini, nusu ndani, nusu nje.

"Muzee, anasema nini?" Pélagie aliuliza. "Onema, anasema nini?"

"Nilikuomba," Musafiri alisema. "Si nilikuomba?"

"Uliniomba," Onema alijibu.

"Alikuomba nini?" Pélagie akapiga kelele.

"Nimulalishe."

Mbuzi alilia uani, na mtu akamwambia nyamaza, kana kwamba mbuzi husikia.

"Vita ni vita," Musafiri aliendelea. "Miye najua walikulazimisha. Ningeweza hata kusahau. Lakini leo, sasa hivi, muntu ameuliza kama kuna damu. Ungesema, tungechinja kuku, tungenawa, tungekula. Ukasema hakuna. Ukaniacha nikupe firigisi na mukono yangu." Aliisukuma sahani. "Hata leo haukupiga moja. Umenipiga kidogo kidogo, njo tabia yako."

Mficha uchi hazai, wasema wahenga. Onema alijua maneno hayo tangu utoto, na hayakumfaa kitu.

* * *

Soudi aliinama kwenye sikio la Musafiri. Walinong'onezana, mzee mwingine waliyekuja naye akajongea. Alain alisimama kando, suti imempwaya, kama amevaa ya mtu mwingine. Kisha Soudi akainuka, akachukua bahasha iliyokuwa juu ya kitambaa cha mezani, akaitia mfukoni.

"Mali hatutoi," alisema. "Muzee wetu alishalipa. Macho mbili. Mbuzi atarudi na sisi. Mutoto mwanamuke tunakwenda naye leo. Kama hamutaki, tunavuka bila yeye, na kila mwenye atatuuliza njiani, tutamuambia."

"Mutoto wetu haiko fidia!" Gédéon alifoka. "Tuko mwaka gani?"

"Ni ninyi mulikula juu ya damu. Sisi tulijibu ya kweli."

"Papa," Alain alisema, sauti imemkauka. "Miye nilikuya kuoa. Sikukuya kubeba deni."

"Oa," Musafiri alijibu. "Nani amekukataza?"

Hapo Onema alipiga magoti. Mtu wa kimo kile akipiga magoti nyumba huonekana ndogo. Alisogea kwa magoti mpaka kwenye miguu ya kipofu, mbele ya viti vya kanisa, mbele ya wanawake waliovaa vitenge vya kuimbia.

"Nichukue miye. Nitakwenda na weye Kampene. Nitakuongoza, nitakupelekea maji, mpaka nikufe."

"Niko na fimbo," Musafiri alisema. "Haitetemeke."

"Basi nipige."

"Miye si boxeur."

Mlango wa chumba ukafunguka. Bénie alitoka amepambwa, poda usoni, kitenge cha bibi harusi kimemkaa vizuri kwenye mabega aliyorithi kwa baba yake. Alikuwa amesikia yote. Ukuta wa nyumba ile ulikuwa wa udongo.

"Papa, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Sababu ya nini?"

Onema alimtazama mkewe. Pélagie alikuwa ameshika mwimo wa mlango. Miaka ishirini na mitatu ilikuwa inampitia usoni, na mwishoni mwake akaliona kopo.

"Maziwa," alisema Pélagie.

"Maziwa ya nani?"

"Yako, mama. Ulikuwa unakufa."

Ningependa kusema kwamba Bénie alilia, lakini hakulia. Alikwenda kwenye kona palipokuwa na beseni na birika la kunawia, akapiga magoti karibu na baba yake, mbele ya Musafiri, akamshika yule mzee mikono na kuimiminia maji, kama mkwe anavyomnawisha baba mkwe chakula kinapokwisha. Alimnawisha wali wote uliobaki kwenye vidole.

"Papa Musafiri," alisema, "ile deni si ya papa. Maziwa nilikunywa miye. Nitakuya. Lakini nakuya na miguu yangu, mutu asiseme alinileta."

Kipofu aliiacha mikono yake katika mikono ya binti. Maji yalikuwa yakidondoka kwenye viatu vyake.

"Una miaka ngapi?"

"Makumi mbili na tatu."

"Sawasawa na giza yangu," alisema Musafiri. Wote walidhani atasema neno jingine, na Alain aliinua kichwa, lakini mzee aliitafuta fimbo yake tu. "Twende. Mawingu inanuka mvua."

* * *

Bénie alitoka kwa mlango wa mbele, kama mama yake alivyotaka. Alikuwa na sanduku dogo kichwani. Alain alitaka kulipokea, akakataa. Kizingitini ilibidi aliruke gunia la chumvi. Soudi aliipiga chini ile sahani waliyokula baba wawili, ikavunjika vipande, kwa sababu sahani iliyoliwa juu ya damu hailiwi tena. Wanawake walikuwa wamejipanga pande mbili za njia. Mmoja alianza wimbo, hakujibiwa, akakohoa, akarekebisha kitenge chake. Pélagie aliufungua mdomo aimbe hata peke yake. Sauti haikutoka. Mama yake hakumwimbia, na sasa yeye naye.

"Gunia tuifunge kwa kinga?" kijana mmoja wa Kampene aliuliza, ameshika kinga yao, ile baiskeli.

"Iacheni," Musafiri alisema bila kugeuka. "Chumvi ni ya mama. Mama alizaa tu."

Onema aliwasindikiza kwa macho mpaka kwenye kona. Binti yake hakugeuka nyuma. Walipokuwa wanapotea aliuona mkono wa kipofu ukiliacha bega la Alain na kukaa kwenye bega la Bénie, na hakujua kama aone afadhali au aone uchungu. Aliona uchungu.

Watu waliondoka haraka, kama watu wanavyoondoka penye ugonjwa. Gédéon alivirudisha viti kanisani bila kuaga. Jirani alikuja mwenyewe kufuata sahani zake, akahesabu, akafika kumi na moja.

"Samahani," Pélagie alisema.

Jirani alitazama vile vipande pale chini, akamtazama Pélagie. Akabeba kumi na moja zake akaenda.

Upepo ulianza kuvuma kutoka mtoni. Gunia lilikuwa bado kizingitini, nusu ndani, nusu nje, na chumvi hailali mvuani. Onema akainama. Akalikumbatia kama alivyolikumbatia asubuhi, akajikaza. Pumzi ilimpanda kifuani, ikafika kwenye meno, akafunga mdomo kwa nguvu zake zote asiisikie. Gunia halikutikisika. Akapumzika, akajaribu mara ya pili, mdomo umefungwa, mishipa imemsimama shingoni. Akajaribu mara ya tatu. Yeye aliyebeba travesi begani peke yake alishindwa na chumvi ya mkewe.

Pélagie alitoka ndani ameshika kisu, bakuli na beseni la kunawia. Hakumtazama usoni. Alikata uzi wa gunia.

"Sogea," alisema. "Shika beseni."

Alianza kuchota, bakuli moja, bakuli jingine. Onema alishika beseni kwa mikono miwili, nayo ilitetemeka, na chumvi ikamwagika pembeni, kidogo kidogo, juu ya vipande vya sahani. Mvua ilipoanza walikuwa hawajafika hata nusu.